Saa Kumi na Nane Mpaka Montreal

Jumatano, 12 Agosti 1992

Mama Mahoro amenidhalilisha bombani. Mbele ya akina mama sita na ndoo zao.

Mimi nilikuwa nazungumza zangu taratibu, juu ya Manzi wangu, kwamba yuko Montreal kule Kanada mwaka wa nne sasa, anasomea madaraja, na kwamba hakuna mtoto wa Gikondo aliyewahi kwenda mbali kama yeye. Jambo la kweli. Nalisema kila siku, watu wamelizoea.

Illuminée, yaani huyo Mama Mahoro, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akatua ndoo. Akauliza kwa sauti ya upole kabisa, Manzi alitumia saa ngapi kufika huko. Nikamjibu kwa fahari: kumi na nane! Ushahidi ninao. Aliondoka uwanja wa ndege wa Kanombe, hapa Kigali, Jumamosi saa mbili usiku. Barua yake ya kwanza inasema alitua Montreal Jumapili saa nane mchana. Nilihesabu kwa vidole, mume wangu Usumani akahesabu kwa vifungo vya shati alilokuwa akishona. Kumi na nane.

Akacheka. Akasema Mahoro wake alitumia saa thelathini na sita kufika Beijing. "Sasa Mama Manzi, si wako yuko nusu ya njia? Angejikaza kidogo tu angefika mbali."

Walicheka mpaka ndoo ya mmoja ikamwagika. Nikajaza yangu nikaondoka na shingo imenyooka. Nimesahau kata yangu pale. Sirudi kuichukua.

Miaka minne natangaza saa kumi na nane kwa kila mwenye masikio. Kumbe nilikuwa natangaza aibu!

Alhamisi, 13 Agosti

Nimemweleza Usumani. Usumani ni fundi cherehani na muda mwingi ana pini mdomoni, kwa hiyo ndoa yetu ni tulivu. Leo alizitoa. Akasema mbali ni mbali tu, watoto wote wawili hawapo. Akazirudisha.

Hilo si jibu.

Nina mpango. Chumba chetu cha nyuma amepanga Mwarimu Melchior, anayefundisha jiografia. Kule ndani ana mpira wa dunia, ule wa kuzungushwa, wenye nchi zote zimechorwa. Nimempelekea chai na chapati nne. Nyuzi mbili nimezichukua kwenye kikapu cha Usumani, nyekundu kwa Montreal, ya buluu kwa Beijing. Melchior alishika ncha juu ya Rwanda, na Rwanda yetu ni ndogo mno pale, kidole chake kiliifunika yote pamoja na Burundi. Tukanyoosha. Tukakata. Tukalaza nyuzi mezani sambamba.

Nyekundu ni ndefu zaidi! Kwa vidole viwili vizima!

Mwarimu akapiga hesabu kwenye karatasi. Kigali mpaka Montreal, kama ndege ingepita moja kwa moja bila kusimama, kilomita elfu kumi na moja na kitu. Kigali mpaka Beijing hazifiki elfu kumi. Nikamwambia aandike na kutia sahihi. Akasitasita, eti yeye si ofisi. Nikaivuta sahani ya chapati upande wangu. Akatia sahihi.

Kisha akaanza maneno mengine. Kwamba saa ni jambo tofauti na kilomita. Kwamba saa za Montreal ziko nyuma ya zetu kwa sita, na za Beijing ziko mbele yetu kwa sita, kwa hiyo safari ya Manzi hasa ilikuwa saa ishirini na nne na ya Mahoro thelathini. Nikamwambia, Mwarimu, saa ni saa. Saa moja ya Kanada ina dakika sitini kama ya kwetu. Akaenda kuchukua taa ili awe na jua la kunionyeshea. Nikaondoka kabla hajaiwasha. Nilichokuwa nakitaka nilikuwa nimeshakipata.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku kubwa ya Wakatoliki. Illuminée alirudi kutoka misa na wageni, wakakaa uani kwake chini ya kivuli cha paa. Nami nikaingia kuwapa mkono wa sikukuu, kama inavyompasa jirani. Mkono mmoja wa sikukuu. Mwingine ulishika nyuzi mbili nilizozibandika juu ya kitambaa cheupe, na karatasi yenye sahihi.

Nikasoma. Kwa sauti. Vidole viwili!

Nikakiinua kitambaa juu. Na wa nyuma waone.

Kisha Illuminée akauliza: kama Manzi ndiye yuko mbali zaidi, imekuwaje akafika kwa nusu ya muda? Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ikanijia pale pale: "Ndege ya Manzi ni kali." Wakatazamana. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema inawezekana, Wakanada ni watu wa barafu, wanapenda kuwahi nyumbani. Mungu ambariki mzee yule.

Illuminée hakukubali. Akasema nyuzi za fundi cherehani zinanyooka anavyotaka fundi. Akaingia ndani, akatoka na ramani kubwa aliyotumiwa na Mahoro kutoka China, ina maandishi kama nyayo za kuku, akaitundika ukutani. China iko katikati kabisa! "Tazameni wenyewe nani yuko katikati ya dunia."

Nikasogea. Nikatafuta Rwanda, nikaiona pembeni kushoto, imejibana. Nikatafuta Kanada. Iko wapi? Kulia kabisa, mwisho wa karatasi, kidogo idondoke! Nikaomba uzi. Kutoka Rwanda mpaka Beijing, urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko. Kutoka Rwanda mpaka Montreal ilibidi watu wawili wainuke na kiti kisogezwe.

Kwa ramani yake mwenyewe! Nikamshukuru mbele ya wageni. Aliikunja haraka hivi kwamba karibu amkunje na paka ndani.

Jioni Mwarimu Melchior ananiambia ile ramani haipimwi hivyo, dunia ni duara, Kanada inafikiwa kwa upande wa pili. Nikamwambia upande wa pili wa ramani ile niliutazama kwa macho yangu. Ni mweupe, hauna kitu.

Nitalala vizuri leo.

Jumatano, 19 Agosti

Telegramu! Manzi anakuja!

Mwarimu alinisomea maana ni Kifaransa. Anaondoka Montreal Jumamosi tarehe 22, saa moja jioni. Hakuandika anafika lini, kila neno la telegramu linalipiwa. Lakini mwishoni kaongeza maneno mawili ambayo hakulazimika kuyalipia: "Mama, maziwa."

Nilikaa chini kwenye kizingiti kwa muda.

Kwetu mtoto akirudi kutoka mbali, kitu cha kwanza kuingia kinywani mwake ni maziwa, na mkono unaoyatoa ni wa mama yake. Chai baadaye. Maji baadaye. Babu yangu upande wa baba alikuja hapa na vitambaa kutoka Bagamoyo na alikuwa na desturi zake nyingi, lakini bibi alikuwa wa hapa hapa, na kwenye mambo ya maziwa bibi alishinda. Mama yangu alimpa kaka yangu hivyo alipotoka Mombasa. Inkongoro yake, kile chombo kirefu cha mti, ninacho mimi. Anayempa mtoto maziwa yale ndiye aliyempokea. Wengine wote wamemwona tu.

Nimeiosha mara mbili, nikaifukiza moshi wa majani. Miaka minne imekaa kabatini, na mimi miaka minne mkono wangu umekaa bila kazi.

Sasa tatizo. Illuminée ana ng'ombe nyuma ya nyumba. Manzi akiwa mdogo alikuwa akipenya pale kwenye ua na kurudi kwangu na sharubu nyeupe mdomoni, namuuliza umekula wapi, ananiambia sijala. Anampenda yule mama. Illuminée akijua siku, atakuwa Kanombe kabla ya ndege.

Aliuliza juu ya ukuta telegramu inasema nini. Nikamwambia Manzi anakuja Jumatano ijayo. Ni uongo mdogo, wa siku chache tu.

Maziwa ya ng'ombe wake siyataki. Nimemwagiza Rugamba, anayeleta maziwa kwa baiskeli kutoka Kagugu. Ng'ombe wa Kagugu wanakula majani mazuri na hawana habari na mtu.

Alhamisi, 20 Agosti

Hesabu. Jumamosi saa moja jioni, ongeza saa kumi na nane. Jumapili saa saba mchana. Nimerudia mara tatu. Usumani amerudia kwa vifungo.

Mwarimu Melchior alikuja mlangoni na kusema si hivyo, kurudi si kama kwenda, na kuna muda wa kusubiri ndege ya pili. Alikuwa ameshika ile taa. Nikamwambia nina nguo za kufua.

Kwa uhakika zaidi nikaenda kumwona Viateur, anayepima mizigo pale uwanja wa Kanombe. Nilimuuliza kwa ujanja mkubwa. Sikutaja jina. Nikasema kuna mtu fulani, wa familia fulani, anatoka mji fulani wa Kanada Jumamosi jioni, ndege yake Jumapili inatua saa ngapi. Viateur akaniambia bila hata kufikiri: Jumapili haitui. Mtu huyo atashinda mchana kutwa Brussels akisubiri, ataingia Kigali Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. "Mpe Manzi salamu zangu, Mama."

Viateur huyu ni mtoto wa dada yake Illuminée.

Nimeelewa yote. Nikienda Jumatatu, nitamkuta mwanangu ameshalala usiku mmoja kwa Illuminée, ameshiba, ananiuliza nilikuwa wapi. Walifikiri sitaona! Nimemshukuru Viateur kwa adabu. Jumapili, saa saba.

Jumapili, 23 Agosti

Naandika nikiwa nimechoka.

Tulikwenda watu kumi na mmoja kwa kamyoneti ya gereji ya Rutayisire, fundi magari wa hapo chini. Mimi mbele, inkongoro mapajani imefungwa kitenge kipya. Usumani nyuma na suti yake ya harusi, na utepe wa kupimia aliousahau shingoni. Tulipita nje kwa Illuminée polepole ili asisikie. Kamyoneti ikapiga mlio kama bunduki. Akatoka na ufagio. Akatupungia kwa huo ufagio.

Kwenye kizuizi kabla ya Kanombe askari alifunua kitenge, akanusa, akauliza maziwa haya yanakwenda wapi. Nikamwambia yanamngoja mtu anayetoka kilomita elfu kumi na moja. Akauliza hiyo ni mara ngapi mpaka Ruhengeri. Sikujua. Akasema yeye hajafika kwao Ruhengeri mwaka wa pili, na kilomita hazifiki hata mia na ishirini. Akatuachia tupite.

Saa sita na nusu tuko uwanjani. Saa saba, hakuna kitu. Saa nane ikatua ndege ndogo kutoka Bujumbura. Walishuka watu wanne, mmoja ni padri. Nilimchunguza uso hata hivyo, mtu hubadilika akiwa ughaibuni. Hakuwa Manzi.

Saa tisa jua likaingia kwenye maziwa. Nilipofunua nilijua kwa harufu. Saa kumi wale watu tisa wakaanza kula chapati za Manzi. Sikuwazuia. Viateur akatoka kule ndani na sare yake, akanisalimu kwa mikono miwili, akasema, "Mama, ni kesho asubuhi." Nikasema nimesikia. Rutayisire akasema gari lina kazi nyingine.

Illuminée alikuwa kwenye lango lake tulipopita. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Baada ya magharibi nimekaa nikafikiri kwa utulivu, na sasa naona kosa liko wapi. Manzi amechelewa ndege! Ni yeye yule. Shule alichelewa, mtihani alichelewa, hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili. Kwa hiyo amepanda ya siku iliyofuata, ile ile, saa ile ile. Kesho Jumatatu, saa saba mchana. Rugamba nimemwagiza maziwa mapya ya saa mbili asubuhi.

Illuminée aliita juu ya ukuta. Akasema Viateur anamchukua alfajiri kwenda Kanombe, na kwenye gari kuna nafasi yangu, nimeachiwa ya mbele. Nikamwambia asante, ninayo hesabu yangu.

Usumani akatoa pini mdomoni kama anayetaka kusema jambo. Akanitazama. Akazirudisha.

Jumatatu, 24 Agosti

Saa kumi na moja alfajiri lango likagongwa. Nikajua ni nani. Nikavuta shuka. Likagongwa tena, na sauti ya Illuminée: "Mama Manzi! Mama Manzi we! Amka mtoto anakuja!" Nikafumba macho kwa nguvu zaidi. Nilisikia viatu vya Usumani vinatoka. Nikadhani anawahi msikitini.

Saa moja na nusu nilikuwa uani, kanga ya kufagilia, kichwa nusu kimesukwa nusu hakijasukwa, ndala mguu mmoja, nasugua inkongoro. Lango likafunguka.

Mwanamume mrefu. Koti. Mabegi mawili. Na juu ya mdomo, sharubu nyeupe.

Hata kabla sijamtambua uso niliitambua ile sharubu.

Nyuma yake Illuminée, na chombo chake kimeshikwa kichwa chini, kitupu. Nyuma yake Usumani, suti ya harusi, utepe shingoni.

Ningeweza kusema maneno mengi mazuri. Nimeyaandaa miaka minne. Nikasema: "Umekunywa?"

Akasema, "Ndiyo, Mama."

Illuminée akaanza kueleza mbiombio, sijawahi kumsikia akibabaika vile. Kwamba walisimama, mtoto akatoka na mabegi, akawa anatazama sura moja moja, anaruka ya baba yake, anaruka yake yeye, anatafuta. Kwamba alimtafuta mama yake mpaka watu wote wakaisha pale. "Nikampa, Mama Manzi. Ningefanyaje? Siwezi kumwacha mtoto amesimama vile na mdomo mkavu. Nilikugongea." Nikasema nilikuwa nimelala usingizi mzito.

Nikachukua pindo la kanga nikampangusa Manzi mdomo. Ilibidi ainame. Zamani nilikuwa nainama mimi.

Hapo hapo Rugamba akafika na baiskeli, jasho linamtoka, maziwa ya Kagugu bado yana joto. Nikaijaza inkongoro mpaka ukingoni. Manzi akaipokea kwa mikono miwili, akaniangalia, akanywa yote bila kupumua. Yote! Mtu aliyeshiba maziwa ya ng'ombe mzima. Alipomaliza alikaa chini kwenye mabegi, akalegeza mkanda.

Nikatangaza, ili ieleweke na majirani waliokuwa wameshajaa langoni, kwamba maziwa ya kwanza hayahesabiwi. Yamenywewa Kanombe. Kanombe ni uwanja wa ndege, si nyumbani. Aliyempokea ni huyu hapa.

Illuminée akasema, "Sawa, dada yangu." Hajawahi kuniita dada.

Usumani anasema nililia. Ni moshi wa jikoni. Moto ulikuwa haujawashwa bado lakini moshi wa jana unakaa.

Jumanne, 25 Agosti

Manzi amelala mpaka adhuhuri. Anakoroma kama baba yake. Nimemtazama kidogo. Labda saa moja.

Alipoamka alinieleza yote, akichora kwenye mchanga kwa kijiti. Kwamba Montreal jua linachelewa, kwa hiyo alipokwenda saa sita zilijificha, na aliporudi saa sita zilijitokeza. Kwamba alishinda Brussels Jumapili nzima kwenye kiti cha plastiki. Sawa sawa na alivyosema Melchior. Hata walisema pamoja, Mwarimu amekuja na taa yake mchana kweupe, wamefurahiana sana.

Nilikuwa nasikiliza kitu kimoja. Nikamuuliza Manzi: kwa saa ya ukutani, tangu pale mpaka hapa, jumla? Akahesabu. Thelathini na tano na nusu.

Thelathini na tano na nusu! Nilikwenda bombani bila ndoo.

Illuminée alikuwepo. Alinirudishia kata yangu, alikuwa ameitunza. Nikamshukuru, nikamwambia idadi. Akafikiri, akasema, "Mahoro ni thelathini na sita."

Nusu saa! Nilirudi nyumbani mbio. Nikamuuliza Manzi, kutoka ndege ilipotua mpaka mguu wako ulipokanyaga uani kwangu, muda gani? Akasema kama saa nzima, na askari kizuizini alitaka kuona ndani ya mabegi. Nikarudi bombani. Thelathini na sita na nusu!

Akina mama wakapiga vigelegele. Hata Illuminée alipiga, ila cha kwake kilikuwa kifupi.

Ijumaa, 28 Agosti

Mahoro naye anakuja! Illuminée amepata telegramu leo na hakuificha hata dakika moja, ameisoma bombani kwa sauti. Binti anaondoka Beijing Jumapili hii, saa nne asubuhi. Viateur amesema ataingia Kanombe Jumatatu saa nne asubuhi. Illuminée akanishika mkono. Akasema twende wote. Akasema, kwa vile yeye alimpa wangu, mimi nimpe wake maziwa ya kwanza kabisa, yeye atasimama kando.

Nimeguswa. Kweli nimeguswa. Na kwa sababu nimeguswa nimekaa kuhesabu vizuri, mtoto wa watu asije akakosa maziwa kwa uzembe wangu.

Hawa watu hawaelewi ndege. Mimi sasa ninazielewa, zimenifundisha kwa uchungu. Manzi kwenda, saa kumi na nane. Manzi kurudi, thelathini na tano na nusu. Yaani kurudi ni mara mbili ya kwenda! Ni kama kupanda kilima, anayetoka ughaibuni anakuja na mabegi. Sasa Mahoro kwenda alitumia thelathini na sita. Mara mbili yake ni sabini na mbili. Jumapili saa nne asubuhi, ongeza sabini na mbili: Jumatano saa nne asubuhi. Usumani amehesabu kwa vifungo, vifungo vimemwishia, amemalizia na vya suti.

Illuminée nimemwambia Jumatatu nina nguo za kufua. Aende tu na Viateur wake wakakae juani, maziwa yachachuke, kama mimi. Halafu Jumatano nitampitia kwa kamyoneti, nimwambie panda mbele, dada. Ataona nani jirani.

Rutayisire ameshakubali. Rugamba ameshaagizwa. Inkongoro naifukiza tena kesho.

Manzi alitoka chumba cha nyuma na Mwarimu, mmoja ana taa, mwingine ana mpira wa dunia, wakasema China ni kinyume, Mama, China saa zake ni kinyume, kaa kidogo tukuonyeshe. Usumani alikuwa ametoa pini zote mdomoni, zote, sijawahi kuona. Nikawaambia nimeshajifunza.

Manzi akafungua mdomo tena. Nikampa maziwa.